Kuunda sauti kwenye sinthesaiza ya analogi: pa kuanzia

Juzi kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya moja kule Nyamanoro, Mwanza, alinijia na simu iliyojaa video za mafunzo ya sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme. "Kaka, nimetazama zote, ila nikikaa kwenye mashine sijui nianze na nini." Tukakaa mpaka usiku. Tulikwenda hivi.

1. Vifaa. Mashine usinunue kwanza. Fungua Learning Synths, darasa la bure la Ableton: unaburuta kidole, unasikia kinachobadilika. Ukishalimaliza, weka Surge XT, programu ya sinthesaiza, kwenye kompyuta. Nayo ni ya bure, na japo ni ya kidijitali, inakufundisha njia ileile ya Minimoog ya 1970: osileta inatoa sauti, filta inaichuja, ampu inaipandisha na kuishusha. Vaa hedifoni. Spika ya simu inameza besi yote.

2. Futa kila kitu. Chagua sauti tupu, Init Saw, yaani wimbi la msumeno, sauti kali ya osileta. Sauti za kiwandani zinavutia, lakini ndani yake mambo kumi yanakwenda kwa pamoja na huwezi kujua kipi kinafanya nini.

3. Filta. Hapa tulieni. Mashine yangu ya kwanza niliiazima, nikajifungia nayo chumbani Kirumba tangu saa mbili usiku mpaka jogoo wanawika. Kimya. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha spika, nikachomoa umeme na kurudisha. Kumbe katofu, nobu (kitufe cha kuzungusha) inayoamua filta ianze kukata wapi, ilikuwa imefungwa hadi mwisho, na nobu ya kiasi cha envelopu, ule mwendo wa kupanda na kushuka kila ukibonyeza noti, iko sifuri. Filta ile inapitisha masafa ya chini (sauti nzito) na kuzuia ya juu (sauti nyembamba). Ukiifunga kabisa, karibu hakuna kinachopita.

Kwa hiyo fungua katofu yote. Resonansi, nobu inayokoleza sauti pale filta inapokatia, iwe sifuri, na kiasi cha envelopu sifuri. Shikilia noti ya chini, kisha funga katofu polepole, kama unayeshusha utambi wa jiko la mchina. Wimbi la msumeno litapoteza makali mpaka ubaki mvumo. Sasa ongeza kiasi cha envelopu: kila ukibonyeza, filta inafunguka na kujifunga yenyewe, "wau".

Husikii? Kebo iache. Tazama dikei (muda wa kushuka) na sasteni (kiwango kinachobaki ukiwa umeshikilia noti) za envelopu ya filta. Dikei ikiwa fupi mno na sasteni sifuri, unapata "tik" tu. Noti za chini zinasikika ila za juu zinafifia? Katofu imesimama palepale huku noti zikipanda, kwa hiyo tafuta nobu inayoifanya filta ifuate kinanda, uipandishe. Na kabla ya kupandisha resonansi, punguza sauti: filta nyingi zikifika mwisho zinapiga mluzi zenyewe, na mluzi huo unaumiza masikio kwelikweli.

4. Envelopu ya ampu. Ataki (muda wa kupanda), dikei, sasteni, rilisi (muda wa kufifia ukiachia noti). Cheza nazo dakika kumi, utazielewa.

5. Iga unachokijua. Upepo wa ziwa: kelele nyeupe (ile "shhh" ya redio isiyoshika stesheni), resonansi kidogo, LFO, yaani osileta ya polepole inayosogeza nobu badala ya mkono wako, ya 0.2 Hz kwenye katofu, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 5. Kijana alipoisikia alifumba macho. Kisha nenda gatini usikilize honi ya kivuko cha Kamanga, urudi uitafute kwa osileta mbili za msumeno.

6. Kusoma. Kwangu hakuna kinachofikia Synth Secrets ya Gordon Reid, makala 63 za jarida la Sound On Sound, 1999 hadi 2004. Ni za Kiingereza, na zinasomeka bure. Usizifuate kwa mpangilio. Soma ile inayohusu sauti unayohangaika nayo leo.

7. Mashine halisi. Ikitoka Marekani, soma adapta kwanza: iliyoandikwa 120V pekee itaungua kwenye 230V yetu. Angalia pia mchoro mdogo kando ya tundu la umeme, kama alama ya kujumlisha iko katikati au nje, ulinganishe na adapta. Ukishaiwasha, iache ipate joto dakika 15 ndipo uityuni.