Windows ikikataa kubadilishwa picha na rangi za skrini

Ukifungua Personalization ndani ya Settings ukakuta vitufe vimefifia, usihangaike navyo. Mara nyingi kilichokwama ni leseni ya Windows. Bonyeza Windows+R, andika slmgr /dli, kisha subiri kidirisha kifunguke.

Soma mstari wa Description kwa makini. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, leseni hiyo ni ya taasisi: kompyuta lazima iwasiliane na seva ya taasisi hiyo angalau mara moja kila siku 180. Laptopu nyingi za mtumba hukwama hapo, na kosa huja kama 0xC004F074. Kama mashine ni ya kazini, mwone fundi wa ofisi.

Kama ni yako, tafuta ufunguo ambao kiwanda kiliuhifadhi ndani ya mashine. Fungua PowerShell, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika slmgr /ipk ukifuatisha ufunguo huo, halafu slmgr /ato ukiwa na intaneti. Ufunguo wa toleo la Home haufanyi kazi kwenye toleo la Pro. Hapo itabidi usimike Home upya, kwa hiyo hifadhi mafaili yako kwanza.

Kosa 0xC004F211 hutokea baada ya kubadilisha vifaa, hasa ubao mama. Nenda Activation ndani ya Settings, bonyeza Troubleshoot, ingia kwa akaunti ya Microsoft iliyokuwa imeunganishwa na leseni.

Programu za kuvunja leseni ziache kabisa. Nyingi hubeba virusi.

Wakati unasubiri, bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Set as desktop background. Hiyo hukubali hata bila leseni.