Kumlisha punda asiye na malisho: hatua kwa hatua, kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Huku kusini punda si wengi kama Dodoma au Singida, na wengi wa waliopo hawaendi malishoni. Ukimwachia nje ya kijiji anaingia kwenye mbaazi au ufuta wa mtu, na asubuhi unaitwa kwa mtendaji. Ukimpeleka mbali porini, unampeleka kwa mbung'o. Kwa hiyo anafungwa uani, anabeba maji, saruji na magunia ya korosho, na anakula kile tu anacholetewa.

Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Watu husema punda hula chochote, wakamwekea ndoo ya pumba jioni na kuhesabu kwamba ameshiba. Punda hashibi kwa pumba. Chakula chake ni majani, kavu au mabichi, yanayomchukua saa nyingi kutafuna. Pumba na mashudu ni nyongeza. Ukishika hilo, hatua zinazofuata zitakuwa rahisi. Mwenye farasi pia anaweza kuzifuata, kwa kuwa tumbo ni la aina moja. Palipo na tofauti ya vipimo nimeitaja.

Hatua ya 1: Jua uzito wake

Chukua utepe wa fundi cherehani. Uzungushe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ukiwa umegusa ngozi bila kubana, na punda akiwa amesimama sawasawa. Kwa punda mzima, kipimo hicho kinakupa uzito wa karibu:

- sentimita 105: kilo 104
- sentimita 110: kilo 117
- sentimita 115: kilo 132
- sentimita 120: kilo 148

Kwa farasi, pima pia urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,900. Jibu ni kilo.

Andika namba hiyo ukutani bandani na upime tena kila mwezi. Macho hudanganya, hasa kwa punda mwenye manyoya mengi au mwenye tumbo kubwa la minyoo.

Hatua ya 2: Lielewe tumbo lake

Ng'ombe hucheua; punda na farasi hawacheui. Tumbo lao ni moja tu, tena dogo (la farasi mkubwa hubeba lita 8 hadi 15 tu) na chakula hakikai humo muda mrefu. Majani husagwa na vijidudu wanaoishi kwenye utumbo mpana, huko nyuma kabisa. Tena hawawezi kutapika: wakila kibaya, kimeingia.

Mambo matatu yanatokana na umbile hilo. Kwanza, wape kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo dogo halipokei mlo mkubwa wa mara moja. Pili, wasikae zaidi ya saa sita hivi bila kitu cha kutafuna, kwani tindikali ya tumboni inaendelea kutoka hata kama hakuna chakula, na kinachoipunguza makali ni mate yanayotoka wakati wa kutafuna. Tatu, kila chakula kipya kiingizwe polepole kwa siku 10 hadi 14. Wale vijidudu wa utumbo mpana wakibadilishiwa chakula ghafla hufa kwa wingi, na matokeo yake ni gesi, msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka mzima

Punda asiyefanya kazi nzito anahitaji kwa siku majani makavu ya kiasi cha asilimia 1.5 ya uzito wake. Anayefanya kazi, karibu asilimia 2. Farasi ni 1.5 hadi 2. Punda wa kilo 132 anayebeba mizigo basi hula karibu kilo 3 za majani yaliyokauka vizuri. Ukimpa mabichi, kumbuka sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, kwa hiyo anahitaji kilo 10 hadi 13. Farasi wa kilo 400 atahitaji kilo 7 hadi 9 za majani makavu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Majani mapya yenye maana hupatikana Januari. Weka akiba ya kuanzia Julai hadi mwisho wa Desemba, siku 184. Kilo 3 mara 184 ni kilo 552. Ongeza yatakayokanyagwa na kuoza, ufikie kilo 700. Hayo ni marobota 35 ya kilo 20 kwa punda mmoja. Inaonekana nyingi, na ndiyo maana kazi lazima ifanyike mvua zinapokatika. Anayeanza kutafuta majani Septemba anakuta mabua makavu yasiyo na kitu, na bei imeshapanda.

Hatua ya 4: Kata, kausha, funga

Hii ndiyo hatua inayoamua mwaka wako, kwa hiyo itilie nguvu.

Kata nyasi zinapoanza tu kutoa maua. Zikishakomaa na kumwaga mbegu, shina linakuwa gumu na virutubisho vimeshaondoka. Ukoka na majani laini ya kandokando ya mashamba ni mazuri kuliko matete yaliyozeeka. Kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza kwa tabaka jembamba, geuza mara mbili kwa siku. Kwa jua la Mei na Juni siku mbili au tatu zinatosha. Jaribu hivi: chukua konzi ya majani uisokote kama kamba. Ikiwa inavunjika nusunusu na mikono inabaki mikavu, tayari. Yakibaki na unyevu yatapata ukungu ndani ya robota na hutaona hadi ulifungue.

Robota hufungwa kwa sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili, jaza majani huku ukikanyaga, funga, inua sanduku. Linatoka robota la karibu kilo 20. Fundi seremala yeyote atakutengenezea sanduku hilo kwa mabaki ya mbao.

Panga marobota juu ya chanja, kiasi cha futi moja kutoka ardhini, yasiguse ukuta. Paa la makuti ni zuri kwa ubaridi, lakini likague kabla ya mvua za Novemba. Tone moja linaloanguka sehemu ileile linaharibu marobota matatu chini yake.

Angalizo kubwa kwa mikoa yetu: usikate majani chini ya mikorosho iliyopulizwa. Kuanzia karibu Juni hadi Agosti wakulima hupuliza salfa na dawa nyingine kuzuia ubwiriunga, na unga ule hutua juu ya nyasi zote zilizo chini. Salfa nyingi ni sumu kwa punda na farasi. Kata kabla ya msimu wa kupuliza, au kata mbali na mikorosho, na umuulize mwenye shamba amepuliza nini na lini.

Hatua ya 5: Changanya na mabaki ya mazao

Nyasi peke yake zinamweka hai. Ili afanye kazi, ongeza majani ya jamii ya kunde, na hapa kusini tumebarikiwa: karanga, kunde, njugumawe na mbaazi. Majani ya karanga yanakusanywa zinapong'olewa, yangali na kijani. Ukingoja mpaka yawe meusi shambani umepoteza. Majani na maganda ya mbaazi yanapatikana baada ya kupura. Kwa punda anayefanya kazi napendekeza sehemu tatu za nyasi au mabua kwa sehemu moja ya majani haya.

Kung'uta mchanga vizuri, hasa kwenye karanga. Udongo wetu wa pwani ni wa kichanga, na mchanga hutulia ndani ya utumbo mpana na kuleta msokoto. Kwa sababu hiyohiyo usimwage chakula chini. Tumia hori la mbao, au pipa la plastiki lililopasuliwa nusu na kingo zake kulainishwa. Nyavu chakavu za wavuvi hazifai kuning'inizia majani: kwato hunasa, na nyuzi zikimezwa hazitoki salama.

Mabua ya mahindi na mtama yanafaa kama sehemu ya nyasi; atakula majani yake na kuacha shina. Usiyakatekate mafupi sana, maana ataacha kutafuna na kumeza tu. Ukiwa karibu na Kitere, majani makavu ya mpunga ni mengi, ila yana lishe ndogo. Yatumie kumpa cha kutafuna usiku, si kama chakula kikuu.

Gawa sehemu ya siku mara tatu au nne, na sehemu kubwa kuliko zote iwe ya usiku. Usiku ni mrefu na ndipo punda wengi wa uani hukaa na hori tupu.

Hatua ya 6: Pumba na mashudu, kwa kipimo

Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Punda anayelishwa pumba kwa wingi huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe; taya na uso huvimba, naye huanza kuchechemea. Ulaya zamani farasi wa wenye vinu vya kusaga walijulikana kwa ugonjwa huu. Majani ya karanga na mbaazi yana kalsiamu, ndiyo sababu nyingine ya kuyathamini.

Kwa punda wa kilo 130 anayefanya kazi, nusu kilo ya pumba kwa siku, ikigawanywa mara mbili na kuloweshwa kidogo, ndiyo mwisho. Konzi moja ya mashudu ya ufuta au alizeti juu yake inatosha. Asiyefanya kazi hahitaji kabisa.

Nusa kila gunia. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu inayoweza kuharibu ubongo wa punda na farasi na kuwaua kwa siku chache, na mashudu ya karanga yaliyopata unyevu nayo ni hatari. Mahindi uliyoyakataa kwa watoto wako usimpe yeye.

Hatua ya 7: Maji na chumvi

Maji safi muda wote: lita 10 hadi 15 kwa siku kwa punda, hadi 25 akifanya kazi juani. Kwa farasi, lita 25 hadi 45. Punda huchagua maji, na visima vya pwani vyenye chumvi anaweza kuvikataa kimyakimya. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani inafaa, vijiko viwili vya chai kwa siku ndani ya bakuli lake pekee.

Vitu vya kutompa hata kidogo

Chakula cha kuku kinatangulia. Baadhi yake kina dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku) ambazo kuku anazihimili lakini huua farasi na punda kwa kuharibu moyo. Usiweke magunia yao pamoja.

Majani mabichi ya muhogo, mihogo michungu na machipukizi ya mtama yana sianidi. Mbarika ni sumu kali sana kwao. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza mdomo. Mabibo machache hayana neno, ila rundo lililoanza kuchacha huleta msokoto na ugonjwa wa kwato, kwa hiyo Oktoba na Novemba mfunge mbali na mikorosho.

Kumwangalia kila siku

Pitisha mkono ubavuni: mbavu ziguswe kirahisi bila kuonekana kwa mbali. Angalia mavi, yawe mabonge laini na ya kiasi kilekile. Akiangusha madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, kagua meno.

Akijigaragaza, akitazama ubavu wake au kukwaruza ardhi, ondoa chakula na mwite daktari wa mifugo. Usimnyweshe mafuta kwa chupa. Yakiingia mapafuni yataleta nimonia. Na akisusa kula, hasa punda mnene au jike mwenye mimba, usingoje kesho. Punda akikaa na njaa, mafuta ya mwili wake humwagika kwenye damu na kuharibu ini, naye haonyeshi maumivu kama farasi. Mpigie daktari siku hiyohiyo, na wakati ukimsubiri mpelekee majani mabichi laini mkononi, kidogo kidogo.