Somo: Kutembea kwa miguu kutoka Seaford hadi Eastbourne, pwani ya East Sussex

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Tangu niwaonyeshe picha za yale majabali meupe, swali ni moja tu: shangazi, kule mlifikaje, na je, sisi wengine tutaweza? Mtaweza. Njia ni ya umma, haina kiingilio, wala haihitaji ujuzi wa kukwea milima. Inataka maandalizi, na inataka adabu mbele ya ukingo wa jabali. Hilo la ukingo nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloua watu.

Njia yenyewe ni kama kilomita 22, upande wa kusini mashariki wa Uingereza, ukitazama bahari inayowatenga Waingereza na Wafaransa. Katikati yake mnapita juu ya Seven Sisters, vilima vya chaki vilivyokatwa na bahari vikabaki kama kuta nyeupe, na karibu na mwisho mnapanda Beachy Head, mita 162 juu ya maji. Hakuna jabali la chaki la baharini Uingereza linaloizidi kwa urefu. Wengi huenda kwa gari hadi Birling Gap, wakapiga picha mbili, wakarudi. Si vibaya, ila wanakosa mto, malisho ya kondoo, na ile hali ya kuvuka kilima kimoja ukidhani umemaliza, kumbe kingine kinakusubiri.

HATUA YA 1: Chagua siku

Mwezi wa tano na wa sita ndio ninaoupenda mimi. Jua huzama baada ya saa mbili usiku, na mwezi wa sita baada ya saa tatu, kwa hiyo hata mwenye mwendo wa pole hakimbizani na giza. Mwezi wa kumi na mbili jua limeshazama kabla ya saa kumi jioni. Wakati huo msijaribu njia nzima.

Tazameni upepo. Upepo wa kawaida kule hutoka kusini magharibi, na ndiyo maana nawaambia muanzie Seaford muishie Eastbourne. Mkienda hivyo upepo unawasukuma mgongoni. Mkigeuza, mtapambana nao siku nzima usoni, na huko juu hakuna mti wala nyumba ya kujikinga. Utabiri ukisema upepo mkali, ahirisheni.

Kisha maji. Sisi tuliolelewa pwani hatufundishwi bamvua ni nini, lakini msiipime bahari ile kwa kipimo cha nyumbani. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hiyo hufika karibu mita 6. Fukwe zilizo chini ya majabali ni nyembamba, maji yakijaa hugonga ukuta, na hakuna pa kupandia. Tembeeni juu, si chini.

HATUA YA 2: Begi na miguu

Viatu viwe vyenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa vikazoea mguu. Chaki ikiwa kavu ni ngumu kama sakafu. Ikilowa huteleza kama mlenda. Raba zenye soli laini ziacheni nyumbani.

Maji lita mbili kwa mtu. Chakula kinachoshibisha: chapati, mayai ya kuchemsha, tende. Chupa ya chai. Koti la mvua hata kama anga ni samawati, na nguo ya ziada, maana ukisimama kupumzika juu ya kilima ule upepo unakupiga mara moja. Simu iwe na chaji, na mmoja wenu awe na ramani ya karatasi: ile ya Ordnance Survey namba OL25 inaonyesha njia yote, geti kwa geti.

HATUA YA 3: Kufika

Hapa watu wengi hujichanganya, kwa kuwa mnaanza mji mmoja na kumaliza mwingine. Ufumbuzi wangu ni huu. Nunueni tiketi ya treni ya kwenda na kurudi Eastbourne. Kutoka London Victoria kuna treni ya moja kwa moja, kama saa moja na nusu. Mkishuka, pandeni basi la namba 12 linaloelekea Brighton, mshuke Seaford. Mkimaliza kutembea jioni, mko kwenye mji wa treni yenu. Wenye gari vilevile: liacheni Eastbourne, mchukue basi asubuhi. Mkiwa watu wazima watatu hadi tisa, ulizieni tiketi ya kikundi nje ya saa za msongamano. Inapunguza thuluthi moja ya nauli.

HATUA YA 4: Njia yenyewe

Kutoka katikati ya Seaford teremkeni hadi ufukweni, mgeuke kushoto. Mtaona mnara mfupi wa mviringo, mmoja wa ile minara 74 iliyojengwa pwani hii mwanzoni mwa karne ya 19 kwa hofu ya Napoleon. Huu ndio wa mwisho upande wa magharibi. Mbele yake kilima kinaanza. Hii ndiyo Seaford Head. Pandeni taratibu, miguu bado haijachangamka. Majira ya kuchipua sikilizeni kelele za shakwe wadogo wanaotaga kwenye kuta za jabali, maelfu kwa pamoja utadhani soko.

Mkishuka upande wa pili mtafika kwenye nyumba chache za zamani za walinzi wa pwani. Simameni hapo. Mbele yenu Seven Sisters zote zimejipanga, nyeupe, moja baada ya nyingine, mpaka mbali. Picha zote mashuhuri hupigwa hapa, na nina sababu ya kusisitiza: ukiwa juu ya Seven Sisters wenyewe huwaoni. Kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kuchungulia ukingoni kutafuta picha. Mandhari mmeshapewa, na mmesimama mahali salama.

Sasa mto. Cuckmere unaingia baharini hapo chini, na kwa macho unaonekana mdogo, mtu anasema tuvue viatu tuvuke. Mara yangu ya kwanza tulisema hivyohivyo. Maji yalikuwa yamekupwa, tukaingia, na katikati mkondo ukatushika kiunoni; mwenzetu mmoja alianguka, tukamvuta kwa mkono wa begi. Sijawahi kurudia. Fuateni ukingo wa mto kwenda bara, kama kilomita mbili, hadi daraja la Exceat, mvuke kwa barabara, mrudi upande wa pili. Si hasara. Mtaona mizunguko ya mto wa zamani, iliyotulia kama ziwa tangu mfereji ulionyooka ulipochimbwa katika miaka ya 1840, na ndege wa majini hawakosekani.

Kutoka Exceat fuateni alama ya tunda la mwaloni. Ndiyo alama ya njia kuu za kitaifa, na hapa ni South Downs Way, inayokuja tangu Winchester, kilomita 160. Njia nyingine ndogo zina mishale: manjano ni ya waenda kwa miguu tu, buluu inaruhusu pia farasi na baiskeli. Geti mkilikuta limefungwa, lifungeni nyuma yenu. Kondoo wa mtu wamo humo.

Kilima cha kwanza, Haven Brow, ndicho kirefu kuliko vyote. Baada yake ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Magoti huumia wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, basi msikimbie. Nyasi ni fupi, laini kama zulia, kazi ya kondoo kwa karne nyingi, na mwezi wa tano kipozamataza anaimba juu kabisa asionekane. Ukiokota jiwe jeusi linalong'aa ndani ya chaki, hilo ni gumegume. Nyumba na kuta za vijiji vya huku zimejengwa kwa hayo, kama zetu za Lamu zilivyojengwa kwa matumbawe. Na chaki yenyewe imetokana na viumbe wadogo wa baharini, zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Pwani mbili, zote zimejengwa na vilivyoishi majini.

Birling Gap kuna vyoo na mkahawa. Pumzikeni. Tazameni jinsi nyumba zilizobaki zilivyo karibu na ukingo. Wenzake zimekwisha kubomolewa. Mbele kidogo ni Belle Tout, mnara wa taa wa karne ya 19 ambao mwaka 1999 ulisukumwa mzima mita 17 kuelekea bara ili usitumbukie. Hapo ndipo nilipouelewa ukingo. Kama watu wamehamisha jumba zima la mawe, wewe unasogea mbele kwa ajili ya nini?

Nasema wazi. Bahari inakula jabali kutoka chini, kwa hiyo nyasi unazokanyaga juu zinaweza kuwa hazina kitu chini yake. Hakuna ua. Ufa hauonekani kila mara. Kaeni mita tano au zaidi kutoka ukingoni, watoto washikwe mkono, na msikae kula chini ya jabali pia, maana mawe huanguka bila kuonya. Mtu akipatwa na tatizo, pigeni 999 muombe walinzi wa pwani. Msishuke kumfuata.

Beachy Head mtapanda kwa pumzi za mwisho. Chini yake, ndani ya maji, umesimama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, ulioanza kazi mwaka 1902. Kutoka hapo ni kuteremka hadi Eastbourne, na barabara ya ufukweni inawafikisha mjini. Hesabuni saa saba hadi nane pamoja na mapumziko.

MASWALI

Shikamoo shangazi. Mama yangu ana miaka 68, goti linamsumbua, lakini anataka sana kuona. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Mpeleke Exceat kwa basi hilohilo la 12. Kutoka kituo cha wageni kuna njia tambarare kando ya mto hadi ufukweni, kama kilomita mbili kwenda, na anaweza kugeuza wakati wowote. Ataona jabali la kwanza likimsimamia juu kabisa. Siku nyingine mpeleke Alfriston, kijiji kilicho kando ya mto huohuo, bara zaidi. Kuna nyumba ya mapadri ya karne ya 14, jengo la kwanza kununuliwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na ardhi za kihistoria, mwaka 1896, kwa pauni 10.

Dada, sala tutasalia wapi?

Popote palipo kavu na mbali na ukingo. Mimi huchukua mkeka mwepesi wa plastiki. Kibla kutoka huko ni kusini mashariki, yaani mkiwa mnaelekea Eastbourne kiko mbele upande wa kulia, baharini. Adhuhuri na alasiri za kiangazi zina nafasi kubwa. Udhu ufanyeni Birling Gap.

Naogopa kwenda peke yangu, mimi ni mwanamke na ni mweusi. Watu wakoje?

Nimeielewa hofu yako, nami nilikuwa nayo. Wikiendi kuna watu wengi, wa mataifa yote, na wenyeji husalimia njiani, ukijibu imetosha. Njia ya umma ni haki yako kisheria sawa na ya mwenye shamba. Lakini mara ya kwanza njoo nasi. Tutaondoka Victoria Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, saa mbili asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, yaani 8:00 kwenye saa ya Uingereza.

Mbwa je? Tunaye mdogo.

Kamba mkononi mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya kondoo na kwa ajili ya ukingo. Mkikuta ng'ombe wenye ndama, wazungukeni kwa mbali. Na wote, mbwa kwa binadamu, mkifika nyumbani jikagueni kupe.