Kabla hujaanza kuandika ndoto zako kwenye daftari, pitia hapa kwanza

Naona siku hizi watu wengi wameingia kwenye hii habari ya kuandika ndoto, wengine wanakabwa na majinamizi wanataka kujua yanaanzia wapi, wengine wanapenda tu. Sio mbaya. Mimi nimeandika karibu miaka minne hapa Mwanza, nimejaza kaunta buku mbili na nusu, na hiyo nusu ndo iliyonifanya nikae chini niandike haya, kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho.

Daftari liwe la peke yake. Usichanganye na la madeni ya duka wala la kikoba, utakuja kutafuta nani hajarejesha ukutane na nyoka wako wa juzi.

Liweke ndani ya neti. Narudia, ndani ya neti, chini ya mto, na kalamu umeifunga hapohapo kwa uzi. Watu wanaliweka mezani wanajiona wamejipanga. Ndoto ukishaamka ina dakika chache tu inayeyuka, sasa wewe uanze kuchomoa neti chini ya godoro, upapase meza, upige teke ndoo ya maji, ukija kulishika daftari umebaki na "kulikuwa na mtu fulani, nadhani na ng'ombe". Ukiamka usijigeuze. Usikurupuke kufungua macho. Baki mkao uleule uliokuwa nao, anza na kile kipande cha mwisho ulichokiona halafu kivute kurudi nyuma taratibu kama mtu anavuta nyavu, ikishaingia yote ndo unyooshe mkono.

Simu hapana. Utasema naandika kwenye simu ni haraka, ukiiwasha tu unakuta meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" na ndoto imeshakwenda. Kurekodi sauti nako inategemea, kama nyumba yako ni hizi zetu za kupanga huku mlimani Igogo, dari moja vyumba sita, ukinong'ona saa kumi usiku jirani anakuitikia.

Lala mapema, hili halina mjadala. Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndani ya kila mzunguko kuna kile kipande ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, ndicho Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikiandika mwaka 1953, na ndoto zile zenye mkasa nyingi ziko humo. Kipande hicho kinarefuka kadiri kunavyokaribia kukucha. Kwa hiyo ndoto nene ni za alfajiri. Wewe unalala saa saba usiku, saa kumi umeshaamka unawahi dagaa mwaloni Kirumba, halafu unalalamika huoti. Unaota, ila unaondoka kabla mzigo haujafika. Na pombe ndo usiseme, inakikandamiza hicho kipande nusu ya kwanza ya usiku halafu baadaye kinarudi kwa fujo, ndo zile ndoto za kukimbizwa za Jumapili asubuhi.

Andika mwandiko unaosomeka. Kuna mzee mmoja, Otto Loewi, mwanasayansi wa kule Graz, Austria, aliota jinsi ya kupima namna mishipa ya fahamu inavyouambia moyo upige polepole, akaamka akachora kwenye kikaratasi akalala zake, asubuhi hawezi kusoma alichoandika mwenyewe. Bahati yake ndoto ikarudi usiku uliofuata, na safari hii hakuandika, alikwenda moja kwa moja maabara kushika mioyo ya vyura. Mwaka 1936 akapata Nobel pamoja na Henry Dale. Wewe usitegemee kurudiwa.

Kama unatumia dawa angalia nazo, kuna dawa zinaleta ndoto kali, mfano mefloquine ya malaria au efavirenz ya VVU. Usiziache kwa sababu ya ndoto, ongea na daktari wako, na kwenye daftari andika siku uliyoanza kumeza.

Sasa hili lingine ndo lenyewe. Usiandike majina ya watu.

Pale tulipokuwa tunaishi, chumba cha mwisho kulikuwa na bibi mmoja, anakaa peke yake, anakaanga maandazi alfajiri kwa kuni pale nje, mafiga matatu, na moshi wote unamwishia usoni miaka nenda rudi, kwa hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Aliyekulia Usukumani anajua macho mekundu kwa bibi mzee yamewahi kugharimu nini, wapo waliouawa wakiitwa wachawi. Mimi na yeye tulikuwa vizuri tu, mwangaluka mayu, naye ananiitikia, ananiwekea mawili ya moto nalipa jioni.

Siku moja nikaota ananipakulia nyama kwenye sahani ya bati, nakula, nakula, nyama haiishi. Nikaamka nikaandika kama nilivyojifunza, kila kitu, na jina lake, na tarehe. Nikafurahi kabisa kwamba nimeikamata yote. Nikaenda kazini.

Wakati huo nilikuwa nimempokea mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, katoka Magu anatafuta kazi, anashinda ndani. Mtu akishinda ndani bila bando atasoma chochote. Akasoma. Na huku kwetu kulishwa nyama ndotoni hakuna asiyejua maana yake, hata kanisani wanaikemea. Akamwambia dada wa chumba cha pili, eti ni utani. Wiki hiyohiyo mtoto wa yule dada akapandisha homa usiku, akapata degedege.

Mtoto alipelekwa hospitali wakamkuta na malaria, akatibiwa, siku tatu akarudi anakimbiza kuku. Lakini kule uani maneno yalishatangulia. Kwanza watu wakaacha kununua maandazi. Halafu salamu zikakatika. Usiku mmoja jiwe likatua kwenye bati upande wake, kila mtu alilisikia na kila mtu asubuhi akasema alikuwa amelala.

Nikamfuata balozi mwenyewe, akatuita wote uani, nikasimama na lile daftari nikaanza kuwasomea. Mwenye nyumba anafuga kiboko chooni. Mimi nimechelewa mtihani wa darasa la saba nikiwa na taulo. Balozi anaendesha daladala ya Buhongwa ndani ya ziwa. Watu wakacheka, hata balozi. Mama wa mtoto hakucheka.

Jioni nikaenda kwa bibi kumwomba radhi. Alikuwa anakanda unga. Akaniambia nisomee basi mjukuu wangu na mimi nisikie. Nikamsomea, sauti inanikwama. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sahani ilikuwa ya bati?" Nikasema ndiyo bibi. Akasema, "Mimi sina sahani ya bati," akaendelea kukanda.

Alhamisi sikusikia harufu ya mafuta. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, wamevuka kwenda Sengerema. Mafiga yaliachwa palepale.

Na hapo kwenye harufu ndo nikashtuka. Ile ndoto niliiota alfajiri, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, mafuta yanachemka mita nne kutoka kichwani kwangu, na usiku nililala bila kula. Ningekuwa nimeandika hayo mistari miwili tu, hata mdogo wangu angeelewa. Kwa hiyo kila ukurasa, juu kabisa kabla ya ndoto, andika jana ulikula nini, uligombana na nani, na wakati unaamka ulisikia nini na kunusa nini. Na watu wape alama, jirani 1, jirani 2, au majina ya samaki, mimi sasa hivi natumia samaki, bosi wangu ni kambale. Usiweke ufunguo wa hizo alama kwenye daftari hilohilo.

Kuna watu wataona naogopa sana. Kwenye Kurani Yakubu alimkataza mwanawe Yusufu asiwasimulie ndugu zake ndoto, na kwenye Biblia Yusufu akasimulia, wakazidi kumchukia. Masheikh nao wanafundisha ndoto mbaya usimsimulie mtu, tema kidogo kushoto mara tatu, jikinge kwa Mungu. Sasa wewe umeisimulia kwa maandishi, na tarehe juu, halafu umeiacha chini ya mto kwenye chumba mnacholala wawili.

Mengine ni ya kawaida. Usiamke usiku ukapiga simu kwa mtu kwa sababu umemuota amekufa, subiri kuche umsalimie tu. Usibetie namba za ndotoni. Ukiota maji na una safari ya Ukerewe, vaa jaketi lako la kuokolea kama ambavyo ungetakiwa kuvaa hata usingeota. Kama ndoto moja mbaya inarudi kila usiku mpaka unaogopa kulala, acha kuandika peke yako, tafuta mtu wa kuongea naye, hospitali kubwa wapo. Usimsomee mwenzi wako ndoto aliyomo bila kufikiria mara mbili. Ukihama usilisahau juu ya kabati. Na kalamu ijaribu kabla hujazima taa, zile za bei rahisi ukiandika umelala chali wino haushuki.