Kabla hujahamisha requirements.txt kwenda uv

Mradi wako wa Python bado unaishi na requirements.txt, ile orodha ya pakeji zinazosakinishwa kwa pip, na sasa unataka kuhamia uv, programu mpya zaidi ya kusimamia pakeji? Hamia. Tangu itoke Februari 2024 nimehamisha miradi kadhaa, na pip siirudii. Ila kuna mambo uyamalize kwanza.

Fungua tawi jipya kwenye Git. Usiguse main, na usianze kazi hii Ijumaa jioni.

Angalia orodha yako ilipatikanaje. Kama ni ya pip freeze, amri inayoorodhesha kila kilichosakinishwa, ndani yake mna pakeji ulizoomba na lundo la zile zilizokuja nyuma yake. Ukizimwaga zote kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi ambalo uv inalisoma, mwakani hutajua ipi ya kuondoa. Andika kwenye requirements.in zile tu unazozitumia mwenyewe, kisha:

uv add -r requirements.in -c requirements.txt

Hiyo -c ndiyo inayoshikilia matoleo ya zamani. Ukiisahau, unaweza kutoka toleo la 1 la pakeji ya NumPy ukaangukia la 2 bila kukusudia.

Za majaribio, pytest na wenzake, ziingize kwa --dev. Kwenye requires-python, mstari wa pyproject.toml unaotaja Python zinazokubalika, usiandike >=3.8 wakati seva yako ina 3.11, uv hutafuta matoleo yanayokubali Python zote ulizotaja, na inaweza kukugomea kwa ajili ya Python usiyoitumia.

Sasa hili lisome taratibu: jua kilichomo kwenye seva, siyo kilichoandikwa kwenye orodha.

Tulikuwa na mfumo wa oda wa duka moja la jumla. Kwenye laptopu majaribio yote yalipita. Nikaingia kwenye seva, nikaandika uv sync, amri ya kulinganisha pakeji zilizosakinishwa na zile za mradi, mistari ikashuka: mingi ya kujumlisha (+), michache ya kutoa (-). Sikuisoma. Mmoja wa ile ya kutoa ulikuwa gunicorn, programu iliyokuwa inauendesha mfumo wenyewe kwenye seva. Aliyetutangulia aliiweka kwa mkono pale pale kwenye seva, hakuiandika popote. Miaka yote haikuleta shida, maana pip install -r haigusi usichokitaja. uv sync inafuta kila kisichokuwemo kwenye uv.lock, faili ambamo uv huandika pakeji zote za mradi na matoleo yake.

Na mfumo haukuanguka siku ile. Gunicorn ilikuwa imeshapakiwa kwenye kumbukumbu, ikaendelea kuhudumia kana kwamba ipo. Siku mbili baadaye seva ikajiwasha upya usiku. Asubuhi napigiwa simu, vijana wa dukani wanaandika oda kwenye daftari, magari yamepanga foleni nje. Amri ya kuangalia hali ya huduma, systemctl status, inasema 203/EXEC, yaani programu iliyotakiwa kuendeshwa imeshindikana kuanzishwa. Mimi nikahangaika na ruhusa za mafaili na mipangilio ya Nginx, seva ya wavuti iliyo mbele yake, saa nzima, kwa sababu kichwani mwangu uhamishaji ulishakwisha salama. Dawa ilikuwa uv add gunicorn na sync nyingine, chini ya dakika.

Kwa hiyo, kabla ya sync ya kwanza, andika pip freeze > seva.txt kwenye seva yenyewe, uilinganishe na orodha yako kwa diff. Kila jina la ziada liulizie: nani kaliweka, linaendesha nini? Kisha uv sync --dry-run ikuonyeshe itakachofuta, na usome mistari ya kutoa mmoja mmoja. Ukishamaliza, washa huduma upya hapo hapo, wakati bado umekaa mbele ya kompyuta.

Yaliyobaki ni ya haraka. uv.lock iingie kwenye Git. Seva ipewe uv sync --locked --no-dev, igome kama uv.lock haiendani na pyproject.toml. .venv iliyotengenezwa na uv haina pip ndani, kwa hiyo pekua Dockerfile, crontab na kila skripti inayoita pip. requirements.txt ya zamani usiifute wiki hiyo hiyo. Waambie wenzako kabla hujaunganisha tawi, hasa yule mwenye mazoea ya kuingia kwenye seva na kusakinisha vitu kwa mkono. Na backup, hata kama unadhani hapa haihusiki, chukua.