Mkato: mahali pa kuuweka na mahali pa kuuacha

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mkato (,) huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi, na ndiyo maana wapo wanaouita kipumuo. Kanuni hiyo humsaidia anayesoma kwa sauti, lakini humpotosha anayeandika, kwa kuwa pumzi za watu hazilingani. Tuutazame muundo wa sentensi.

Hatua ya kwanza: tafuta kiima (yule au kile kinachozungumziwa) na kitenzi chake, kisha usivitenganishe. Kosa hili limejaa kwenye mbao za matangazo: "Mwanafunzi aliyepoteza kitambulisho chake, afike ofisini." Kiima ni kirefu, nakubali, na huenda mwandishi alichoka kabla ya kukifikia kitenzi, lakini mkato huo hauna kazi hapo.

Hatua ya pili: sentensi ikianza kwa kishazi tegemezi, yaani sehemu isiyojitosheleza kimaana, weka mkato kinapoishia: "Mvua ikinyesha, mkutano utaahirishwa." Ukianza na "Mkutano utaahirishwa", mkato hauhitajiki.

Hatua ya tatu: mtenge unayemwita. "Baba anakuita" ni taarifa kwamba baba anakuhitaji wewe, ilhali katika "Baba, anakuita" baba ndiye anayeambiwa kuwa kuna mtu anamwita. Kwenye ujumbe wa simu, ambako sauti haisikiki, mkato huo mmoja waweza kumwondoa mtu nyumbani bure.

Hatua ya nne: katika orodha, tenga vitu kwa mkato isipokuwa kabla ya "na" ya mwisho: "Nunua mchele, maharage, vitunguu na nyanya."

Maswali na majibu

Swali: Je, ni marufuku kabisa kuweka mkato kabla ya "na"?

Jibu: Hapana. Soma sentensi hii: "Nilimwona Asha na Rehema akaniita." Msomaji huwaunganisha wawili hao mpaka akutane na "akaniita", ndipo alazimike kurudi nyuma. Andika: "Nilimwona Asha, na Rehema akaniita."

Swali: Na kabla ya "ambao"?

Jibu: Inategemea unachokusudia. "Wageni ambao walichelewa walikosa chakula" maana yake wengine walikula. "Wageni, ambao walichelewa, walikosa chakula" maana yake hakuna aliyekula. Mikato hiyo huenda kwa jozi, ukifungua, funga.

Swali: Kwenye fedha je?

Jibu: Mkato hutenga maelfu, kama Sh 12,500, na desimali hupewa nukta. Baada ya mkato wa tarakimu hatuachi nafasi, tofauti na ule wa maneno.