Kabla ya kuing'oa injini: vitako vilivyooza kwenye boti ya faiba

Faiba haiozi. Kinachooza ni mbao iliyofunikwa ndani yake, kama ile ya vitako, mihimili inayobeba injini, na inaweza kuwa imeoza zamani huku juu rangi bado inang'ara. Dalili zake ni za kichinichini: injini inatikisika kuliko ilivyozoeleka, bolti za mauntini (miguu ya injini) zinakazwa leo na wiki ijayo zimelegea, gilandi ya shafti (kizibo cha maji pale shafti inapotokea nje) inavuja hata baada ya kubadilishwa pakingi. Gonga kitako kwa nyundo ndogo, taratibu, kutoka omo (mbele) kwenda shetri (nyuma). Mlio ukigeuka kuwa mzito, toboa kwa kekee tundu la milimita 5 hapo hapo. Ukitoka unga mkavu, shukuru. Likitoka tope la kahawia linalonuka kama machicha ya nazi yaliyochacha, kazi unayo.

Wengi wakifika hapo hukimbilia grinda. Tazama mwezi kwanza. Kwetu boti nzito hupandishwa kwa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na maji ya bamvua Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Ukiipweleza juu kwa bamvua la mwezi mwandamo, huitoi tena mpaka la mwezi mpevu, kama wiki mbili mbele, na hizo hazitoshi kukausha, kujenga na kurudisha injini. Hesabu mabamvua mawili. Masika iache ipite, maana resini (gundi ya maji inayogandisha faiba) na unyevu hawapatani. Kusi inapoa vizuri lakini upepo wake hurusha mchanga kwenye resini mbichi, kwa hivyo turubai ni lazima, na ukiwa Pemba ambako mvua ni nyingi zaidi, nunua kubwa kuliko unavyodhani. Magadi ya kuegemeza boti yapangwe mengi, boti ikae sawa: ikiwa imejipinda kidogo tu wakati vitako vipya vinagandishwa, itabaki na pindo hilo.

Sasa vipimo, na hapa sina mzaha. Vitako vile vibovu ndio shahidi pekee wa mahali injini ilipokaa, na fundi mwenye haraka huvikata halafu akaanza kukisia. Kabla ya bolti hata moja kufunguliwa, pima nafasi baina ya mauntini za kulia na kushoto, pima kimo cha kila moja, piga picha kwa simu kila upande. Injini ikishatoka na shafti imevutwa, pitisha mshipi wa kuvulia katikati ya bomba la shafti, uvute mpaka ukuta wa mbele wa chumba cha injini, uufunge, utie alama isiyofutika. Vimo vyote pima kutoka kwenye mshipi huo. Kata kigezo cha plaiwudi kwa umbo la kila kitako. Kisha tengeneza kimoja kimoja. Cha pili kibaki mpaka cha kwanza kishike.

Kuinyanyua injini hakuna siri: winchi ya cheni yenye uwezo unaozidi uzito wake, boriti madhubuti, na hakuna mtu kukaa chini yake.

Mbao ndipo penye ubishi. Mzee wa majahazi kule Nungwi atakwambia mvule, na kwa jahazi yuko sahihi kabisa. Lakini mvule na msaji zina mafuta ya asili, na resini ya poliesta haizishiki vizuri. Chini ya faiba mimi ningechukua mkangazi uliokauka kweli kweli, au plaiwudi ya baharini iliyogandishwa tabaka kwa tabaka. Ukiwa na uwezo, tumia resini ya epoksi. Hushika faiba ya zamani kuliko poliesta. Ila angalia mati, yaani mikeka ya nyuzi za faiba: nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya poliesta, na epoksi haiyeyushi gundi iliyomo ndani yake.

Dukani fungua bati la resini kabla hujalipa. Joto letu huizeesha, na ikivutika kama asali iache. Hadena, dawa ya kugandisha resini, ipimwe kwa sirinji, si kwa jicho: gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya poliesta, na mchana wa kaskazi anza na 10. Fundi anayetia kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) mwenyewe aikoroge kwanza ndani ya resini mpaka ipotee, ndipo atie hadena. Kobalti na hadena zikikutana zenyewe hulipuka. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke wa resini. Tafuta yenye vichujio vya mvuke.

Ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ioshwe kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi kabla ya msasa. Ukianza na msasa, dizeli na oili huingia ndani ya faiba na tabaka jipya litabanduka.

Na maji yaliingilia wapi? Mara nyingi ni kwenye matundu ya bolti yaliyotobolewa bila kuzibwa kwa resini, au mvua inayovuja kutoka sitaha. Kuvu wanaoozesha mbao hupenda maji baridi kuliko ya chumvi. Pasipozibwa, utazirudia gharama hizi.

Mwisho patana na fundi injini arudi boti ikishaelea, kwa kuwa umbo lake hubadilika kidogo majini. Hapo ndipo kapulingi ya inchi 4 (kiungo cha injini na shafti) hupimwa, na mwanya wa upande mmoja usizidi wa upande wa pili kwa milimita 0.1. Sehemu ya ujira wake ibakishe mpaka siku hiyo.